Jinsi Mbu Wangu Walivyofika London

Tangu nirudi, kila anayepita hapa kwangu Chumbageni huketi, hunywa chai, kisha huuliza swali lile lile: ilikuwaje huko? Nimesimulia mara nyingi hata nimeanza kujichanganya mwenyewe. Juzi nilimwambia Mama Asha kwamba ndege ilichelewa kwa saa tisa, jana nikamwambia mdogo wake saa kumi na mbili. Ukweli ni saa tisa. Basi nimeona niandike yote mara moja, na atakayeuliza tena nitampa daftari hili asome wakati mimi nabandika birika. Habari za viza na tiketi nimeziruka, maana hazijapata kumfurahisha mtu.

Kwa wale wasionijua vizuri: kwa miaka ishirini na minne nimefanya kazi katika maabara ya wadudu. Nawatazama mbu kwa hadubini, natambua ni wa aina gani, nahesabu, nachora kwa penseli kinachotakiwa kuchorwa. Nilipokuwa mgeni kazini, nyumba yangu ilipakana na ya Mama Lan, muuguzi wa Kichina aliyekuja na madaktari wa kwao. Kiswahili alijifunza wodini, kwa wagonjwa. Kila Jumapili alikuwa akikaa barazani, anasugua kipande cha wino mkavu juu ya jiwe lenye maji, kisha anachora panzi na majani kwa brashi, bila penseli, bila kufuta. Nikamwomba anifundishe. Alinifundisha miaka mitatu, kisha akarudi kwao, nami nikaendelea peke yangu. Panzi niliwaacha. Nachora mbu, kwa sababu ndio ninaowajua.

Mwaka jana ikaja barua yake, imepitia kwenye anwani ya zamani ya maabara. Alikuwa London kwa mwanawe, mpishi, lakini mwezi wa Juni angerudi China moja kwa moja. Aliuliza kama bado nachora. Habari za barua hiyo nilimwandikia Dokta Margaret, Mwingereza mtaalamu wa wadudu aliyepata kufanya kazi nasi na sasa amestaafu, niliyekuwa nikiandikiana naye. Akajibu kwamba maktaba ya mtaani kwake London ina chumba cha maonyesho, na nikifika mwanzoni mwa Juni atanipatia kwa wiki moja. Ndipo nikafunga safari.

Tanga hadi Dar: fundi bomba

Picha zangu kumi na mbili nilizikunja ndani ya kipande cha bomba la plastiki, lile jeupe la maji, fundi akalitia vifuniko pande zote mbili. Sikujua kwamba mtu, hata akiwa mwanamke, akipanda basi na bomba anakuwa fundi. Bwana aliyekaa karibu yangu aliniuliza tangu Segera kwa nini tangi la nyumbani kwake linavuja chini wakati limezibwa mara tatu. Nilimwambia mimi ni mtu wa mbu. Akasema vizuri, kwa sababu hapo linapovuja mbu wamejaa. Tulipofika Chalinze nilikuwa nimemwelekeza afunike tangi kwa wavu, na yeye amenunua mahindi ya kuchoma mawili, moja langu.

Nairobi: saa tisa na kopo la sombe

Ndege ya kutoka Dar ilifika Nairobi salama. Ile ya London ndiyo iliyotukalisha. Kwanza walisema tungoje saa moja, halafu saa tatu, halafu hawakusema tena. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Lubumbashi, Mama Beya, msusi mwenye saluni yake Peckham, huko London. Kiswahili chake na changu vilikuwa vikipishana njiani. Aliponiambia amebeba sombe, nilidhani ni mtoto, nikageuka kumtafuta nimsalimie. Kumbe ni kisamvu, kimo ndani ya kopo, na samaki wa moshi juu yake. Tulikula kwa mkono hapo hapo kwenye viti vya kusubiria, na mzungu mmoja aliyekuwa akitutazama kwa wivu tukamkaribisha, akala kuliko sisi.

Mlangoni waliniambia bomba langu ni refu mno, haliwezi kuingia nami ndani, liende chini na mizigo, pamoja na sanduku nililokuwa nalo mkononi. Nikasita. Mama Beya akaniuliza vifaa vyangu vya kazi viko wapi. Nilipomwambia viko kwenye sanduku alinikaripia kama mama yangu mzazi. Yeye vitana vyake havijawahi kutoka mkononi. Akanisimamia mpaka nikatoa jiwe la wino, vipande viwili vya wino na brashi nne, nikatia kwenye mkoba. Namshukuru mpaka leo.

Dirisha la mizigo iliyopotea

Tulipofika London sanduku langu lilitoka. Bomba halikutoka. Nilisimama pale mpaka mkanda wa mizigo ukazimwa.

Kijana aliyekuwa dirishani alikuwa mpole sana. Alitoa fomu, akaniuliza bomba lina rangi gani, urefu gani, na ndani mna nini.

"Mbu kumi na wawili," nikamjibu.

Aliacha kuandika. "Wazima?"

"Hapana."

"Wamekufa, basi."

Kiingereza changu ni cha maabara, nimezoea kujibu ninachoulizwa. Nikasema wako kwenye karatasi. Naye, ambaye pengine aliwahi kuona wadudu waliokaushwa na kubandikwa, akaandika hivyo hivyo: wadudu waliokufa, kumi na wawili, kwenye karatasi. Kisha akapiga simu. Akaja mama mmoja amevaa glavu, akaniuliza kama wadudu hao wanaeneza ugonjwa wowote. Hapo fahari ya kazi ikanipanda. Nikamweleza kwa ufasaha kwamba saba ni wa malaria na watano ni wa matende.

Nilitolewa pale baada ya kukaa saa mbili. Nje alikuwa akinisubiri Amina, binti wa dada yangu Rehema, msichana wa miaka kumi na tisa aliyezaliwa London. Nilipomsimulia alicheka mpaka akaegemea nguzo, kisha akarudi mbio dirishani kuwaeleza kwamba ni picha. Wakamwambia fomu imeshakwenda. Bomba likipatikana litapelekwa kwanza kukaguliwa, na ukaguzi unaweza kuchukua siku kadhaa. Ilikuwa Jumanne. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe Jumamosi saa nane mchana.

Kingsbury

Dada Rehema anakaa Kingsbury, nyumba iliyoshikana na nyingine, na barabara kubwa imejaa maduka ya Wahindi ambamo nilipata bamia, embe mbichi na majani ya mvuje kana kwamba sijaondoka. Yeye anafanya kazi ya kutunza wazee, kwa zamu. Nilimkuta amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mimi nikala tonge mbili tu. Alidhani naumwa.

Amina anaelewa Kiswahili chote. Unamwambia, anasikia, anafanya, lakini majibu yake ni Kiingereza. Rehema aliniambia amekwisha kukata tamaa. Alijaribu kumkatalia, alijaribu kumnunia, mwisho akachoka, kwani mtu akitoka zamu hana nguvu ya kugombana kwa ajili ya lugha. Lilimuuma, nililiona.

Baada ya chakula nikampigia simu Mama Lan. Miaka ishirini na moja sikuwa nimeisikia sauti yake.

"Shikamoo, Mama Lan."

"Marahaba, mwanangu," akasema, kama tulioachana jana. "Umechelewa. Wamekuja wangapi?"

Alikuwa anauliza picha. Nikaona jinsi alivyosubiri, na Alhamisi inayofuata anasafiri, naye anakaribia miaka themanini. Nikamwambia wamekuja wote. Nilipoweka simu chini Rehema alikuwa ananitazama.

"Umemdanganya mtu mzima," akasema.

"Nitachora wengine."

"Kwa siku tatu?"

"Kwa siku tatu."

Nilisema hivyo kwa ujasiri ambao sikuwa nao. Usiniulize kwa nini sikuchora tu kutoka kichwani. Mimi siwezi kumchora mbu ambaye sikumtazama kwanza. Kichwani mwangu mmejaa mbu kwa maelfu, na wakiwa maelfu wanakuwa hakuna. Lazima niwe na mmoja, huyu hapa, nimhesabu miguu na magamba na mistari ya bawa, kisha nimweke kando na kumchora kwa pumzi moja. Nilihitaji karatasi, na nilihitaji mbu. Karatasi tuliipata Jumatano asubuhi, mimi na Amina, katika duka la Wachina mjini, tukashuka na kupanda treni za chini ya ardhi mpaka nikapoteza upande wa kibla. Mbu ndio waliokuwa hawauzwi.

Pipa la Mzee Jayanti

Tuliporudi, niliingia bustani ya nyuma kwa Rehema kuanua nguo. Juu ya ukuta wa mbao nikaona, kwa jirani, pipa la kijani likikinga maji ya mvua kutoka kwenye mfereji wa paa. Sikungoja nguo. Nilizunguka mbele nikagonga mlango.

Alifungua mzee wa Kihindi, mwembamba, amevaa sweta juu ya kanzu ndefu ya kwao. Kwa Kiingereza changu bora nikamwambia kwamba ninachunguza mbu na ninaomba kuliona pipa lake la maji. Uso wake ulibadilika. Alidhani nimetumwa na kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa. Akaanza kuomba radhi, kwamba ni kwa ajili ya nyanya zake, kwamba hakujua ni makosa, kwamba atayamwaga maji yote sasa hivi, na kweli akageuka kwenda kuyamwaga. Nikamfuata nikimsihi asimwage, yeye akazidi kuharakisha, tukawa tunakimbizana ndani ya nyumba ya mtu nisiyemjua, mpaka Kiingereza kikaniishia nikasema kwa Kiswahili, "Mzee, tafadhali, usiyamwage. Nimetoka Tanga."

Alisimama na mkono umeshika bomba la pipa.

"Tanga gani?" akauliza, kwa Kiswahili. "Mimi nimezaliwa Korogwe."

Jina lake Jayanti. Baba yake alikuwa na duka la baiskeli pale Korogwe, na yeye mwenyewe aliondoka kijana wa miaka ishirini na tano. Alikuwa amekaa nyumba inayopakana na ya dada yangu kwa miaka sita, wanasalimiana kwa Kiingereza kila asubuhi, kila mmoja akidhani mwenziwe ni wa mahali pengine. Akamwita mkewe, zikaletwa kachori na chatne ya ukwaju na chai ya tangawizi, na ikabidi nieleze kila kilichobadilika Korogwe kabla ya kuruhusiwa kuinama juu ya pipa.

Nilipoinama niliwaona. Viluwiluwi wengi, wananing'inia kichwa chini, mkia juu, jinsi wanavyokaa wale wasio wa malaria. Na kati yao, wale wakubwa waliokwisha kujikunja kama alama ya mkato, ambao bado siku moja au mbili tu watoke na mabawa. Nilimwomba Mzee Jayanti chupa ya jamu. Akanipa tatu.

Rehema alipotoka kazini alizikuta chupa zimepangwa dirishani jikoni, zimefunikwa kwa soksi zake nyembamba za kazini. Alikaa kwenye kiti, akazitazama. Akasema alitoka Tanga, akaja mpaka Ulaya, akashukuru Mungu kwa kulala bila chandarua, na leo mdogo wake wa tumbo moja anafuga mbu jikoni mwake. Alijaribu kukasirika. Alipoona Amina anauma mkono asicheke, akashindwa.

Alhamisi jioni walianza kutoka. Nilimwita Amina aone: ngozi inapasuka mgongoni, mbu anajivuta polepole, anasimama juu ya ganda lake kama mtu anayesimama juu ya mkeka, anangoja mabawa yakauke. Alikuwa anasoma biolojia chuoni, lakini alisema jambo hilo alikuwa ameliona kwenye kitabu tu. Akapiga magoti pale kwa dakika arobaini.

Ijumaa nilichora tangu asubuhi. Karatasi mpya ilikuwa na kiu kuliko niliyoizoea, nikigusa tu wino unatawanyika. Nane za kwanza nilizitupa. Ya tisa nilitaka kuitupa, nikatoka nje nikatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Niliporudi nilipunguza maji kwenye wino, nikamtazama mbu mmoja aliyetua kwenye ukuta wa chupa, mwili umelala sambamba na kioo, mguu wa nyuma umepinda juu. Nikahesabu. Nikageuka. Nikachora mguu ule kwanza, kitu ambacho sijawahi kufanya, na vingine vyote vikaja vikiufuata. Kufikia alasiri nilikuwa na picha tisa. Niliswali nikalala usingizi mzito pale pale sebuleni.

Maktaba

Dokta Margaret alitandika meza, akaleta biskuti na juisi. Mzee Jayanti na mkewe walifika wa kwanza, wamevaa kama wanakwenda harusini, na kwa kila aliyeingia mzee alieleza kwamba mbu hawa ni wa pipa lake. Nilipata kumsikia akimwambia mtu kwamba huyu wa tatu alikuwa na tabia nzuri.

Mama Lan alikuja ameshikwa mkono na mwanawe. Amepungua, amekuwa mdogo kama mtoto wa shule, lakini mwendo ni ule ule wa kukagua wodi. Hakunikumbatia. Alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaenda kwenye picha. Alizipitia moja moja. Nikamfuata nyuma, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mikono nyuma kama mwanafunzi. Kwenye ya nne nikamwambia ukweli, kwamba picha nilizokuja nazo zimepotea na hizi ni za jana. Akasema, "Nimejua. Wino bado una harufu." Akaendelea.

Dokta Margaret alisema maneno machache, kisha akamwomba Mama Lan naye aseme. Mwanawe akajiandaa kutafsiri kutoka Kichina. Mama Lan akamzuia. Alisema masomo yalikuwa ya Kiswahili, na atakachosema kitasemwa kwa Kiswahili. Watu wakatazamana. Dokta Margaret Kiswahili chake kilibaki cha salamu, mimi mhusika siwezi kujitafsiria sifa au lawama zangu, na Rehema alikuwa tayari ameshika leso usoni. Ndipo Amina akatoka kwenye ukuta alikokuwa amesimama, akaenda kukaa karibu na kiti cha Mama Lan.

"Nitajaribu, bibi," akasema. "Usiseme haraka."

Ilikuwa mara ya kwanza nisikie Kiswahili kutoka kinywani mwake. Rehema aliacha kufuta macho, akamtazama bintiye.

"Nilipokuwa Tanga," Mama Lan akasema, "nilimfundisha msichana mmoja. Kila siku anahesabu. Miguu, nywele, mistari ya bawa. Nikamwambia, acha kuhesabu, chora. Nilimkasirikia. Siku moja nilimnyang'anya penseli."

Amina alikwama kwenye kunyang'anya. Mzee Jayanti akampa neno kutoka nyuma ya chumba, watu wakacheka, akaendelea.

"Mimi nimechora miaka sitini," Mama Lan akasema. "Nachora mdudu. Mdudu yeyote. Huyu hakuchora mdudu. Amechora mbu huyu, wa pipa hili, wa juzi. Mtu asiyehesabu hawezi. Kwa hiyo nasema mbele yenu: nilikosea, na yeye alifanya vizuri kutonisikiliza."

Amina alitafsiri mpaka mwisho. Nilikwenda kusimama dirishani nikajifanya natazama mabasi.

Chai ilipoletwa, Mama Lan alimzuia Amina asiondoke. Hajui Kiingereza cha kutosha, naye alikuwa na maswali mengi. Wakakaa wawili, mzee wa Kichina na msichana wa London, wakaongea Kiswahili saa nzima, kimoja cha wodini na kingine cha jikoni kwa mama yake. Rehema alizunguka na sahani ya biskuti, akipita karibu yao kila mara, bila kumpa mtu biskuti hata moja.

Jumatatu

Safari ya kurudi haina hadithi. Ndege iliondoka kwa wakati wake, nami nilikula kila nilicholetewa. Bomba langu lililetwa mlangoni asubuhi ya kuondoka, limebandikwa karatasi tatu za ukaguzi, na Rehema amezipigilia picha zote kumi na mbili kwenye ukuta wa ngazi, ndugu yangu aliyewakimbia mbu. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Jumatatu, na nimeiacha mwisho kwa makusudi.

Siku hiyo Mama Lan aliletwa na mwanawe Kingsbury. Chakula alikula kidogo tu. Alisema amekuja kusoma. Jumamosi alisikia kwa Amina kwamba watu wananiuliza nawezaje kumjua mbu dume na mbu jike, naye, muuguzi aliyewauguza wagonjwa wa malaria miaka mitatu na aliyechora wadudu maisha yake yote, akatambua kwamba hajui.

Mzee Jayanti alitutolea viti viwili karibu na pipa. Nilitia mbu kwenye chupa, nikampa kioo cha kukuzia, nikamweleza atazame kichwani: jike ana vipapasio vyembamba, vyenye nywele chache, na dume ana vipapasio vilivyojaa kama unyoya. Alitazama. Akasema jike. Nikamwambia hapana, tazama tena, usikimbilie. Akasema jike tena, naye alikuwa dume. Nilimsikia mtu anaguna kwa kukosa subira, kumbe ni mimi mwenyewe. Mama Lan akanitazama juu ya kioo, akatabasamu. Jua lilikuwa zuri, la kukausha nguo. Nikabadilisha chupa.

Safari hii alishika kioo kwa mikono miwili, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. Alikaa hivyo muda mrefu, midomo inacheza polepole, sijui anahesabu nini.

"Huyu ni dume," akasema.

Nikainama kuangalia. Alikuwa amepatia.